Friji Linapiga Shoti, Breka Imetulia

SWALI

Habari za kazi, fundi. Friji letu limeanza kunikosesha raha. Nikigusa mlango wake nikiwa peku, hasa nikitoka kuosha vyombo, nasikia kama sisimizi wanatembea vidoleni, na siku nyingine linapiga hasa mpaka navuta mkono. Fundi aliyekuja alisema ni kawaida kwa friji la zamani, tuwe tunavaa ndara jikoni. Mume wangu naye anasema kungekuwa na hatari breka ingejizima, na kweli haijawahi kujizima. Pili, ekstensheni tunayochomekea birika na pasi inapata joto, na plagi yake imeanza kubadilika rangi. Nina watoto wawili, mdogo ndiyo kwanza anatambaa. Je, breka haitoshi? Tuanzie wapi?

JIBU

Dada yangu, ahsante kwa kutolipuuza. Kabla sijaeleza lolote, naomba ufanye jambo moja leo. Kausha mikono, vaa viatu vikavu, zima breka ya soketi za jikoni, kisha chomoa plagi ya friji. Vyakula vihamishie kwa jirani. Usilirudishe kwenye umeme mpaka mtu mwenye kipimo awe ameangalia ethi (njia ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja) ya nyumba nzima, siyo ya friji peke yake. Najua kukaa bila friji ni usumbufu. Lakini mlango wa friji unaanzia karibu na sakafu, na hapo sakafuni kuna mtoto anayetambaa.

Sasa hoja ya mumeo. Simlaumu, kwa sababu sijaingia nyumba nyingi nisiikute imani hiyo: breka haijajizima, basi mambo ni salama. Ukweli ni kwamba breka ile haikuwekwa kwa ajili yenu. Iliwekwa kwa ajili ya waya. Kazi yake ni kuhakikisha umeme unaopita hauzidi uwezo wa nyaya zilizofukiwa ukutani, zisije zikachemka na kuwasha nyumba. Kwa kazi hiyo ni kifaa kizuri sana. Kwa kumlinda mtu aliyeshikwa na umeme, haioni kitu.

Tupige hesabu kidogo. Breka ya soketi mara nyingi ni ya ampea 16 au 20, kwingine hata 32. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 linavuta karibu ampea 9, na breka haishtuki, maana hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Sasa chukua mtu. Mwili wake, kutoka mkononi hadi miguuni, una ukinzani (uwezo wa kuzuia umeme) wa omu 1,500 hivi, na ngozi ikilowa unashuka zaidi. Gawa volti 230 kwa 1,500, unapata ampea 0.15. Hiyo ni chini ya inayovutwa na balbu ya zamani ya wati 40. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa anakufa pale sakafuni, na breka ikaona kama vile kuna aliyewasha taa chooni.

Na ampea 0.15 ni nyingi mno kwa moyo. Ukiipima kwa miliampea ni 150. Mkondo wa miliampea 1 ndio huo unaousikia kama sisimizi. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliwapima watu waliojitolea ili ajue ni wakati gani mtu hushindwa kuachia kitu chenye umeme. Kwa wanaume wastani ulikuwa karibu miliampea 16, kwa wanawake 10.5. Kuanzia hapo misuli ya mkono inajikunja yenyewe na kukaza, na kadiri unavyotaka kuachia ndivyo unavyozidi kushika. Ukifika miliampea 30 na kuendelea, ukawa unapita kifuani, pumzi hubanwa na moyo unaweza kuanza kutetemeka ovyo badala ya kudunda. Ona basi umbali kati ya miliampea hizo 30 na ampea 20 za breka. Ni tofauti ya mara zaidi ya 600. Dalziel mwenyewe ndiye aliyebuni, mwaka 1961, kifaa cha kuliziba pengo hilo, na nitakirudia.

Turudi kwenye friji. Kauli kwamba "ni kawaida" ina nusu ya ukweli, ndiyo maana inawatuliza watu. Kila kifaa chenye mota au saketi za kielektroniki huvujisha umeme kidogo kwenda kwenye bati lake. Friji linavuja zaidi kadiri linavyozeeka, kwa sababu unyevu na joto vinakula ganda la nyaya za kompresa. Kuvuja kidogo hakushangazi. Kisicho kawaida ni wewe kuusikia umeme huo. Waya wa ethi, ule wa kijani au wa kijani na njano, uliwekwa ili ushike bati hilo na kuupeleka umeme unaovuja ardhini kabla haujakupitia wewe. Ukisikia sisimizi, maana yake njia hiyo imekatika au imedhoofika mahali fulani, na sasa njia ya ethi ni mwili wako. Leo linavujisha miliampea moja au mbili. Siku waya wa moto, ule unaoleta umeme, utakapochunika na kugusa bati, umeme utakuja wote, na hakuna kitakachokuwa kimebadilika kwa macho. Mlango ni ule ule.

Kuhusu ndara, zina msaada zikiwa kavu na ukiwa umegusa friji peke yake. Lakini jikoni watu hushika friji kwa mkono mmoja na bomba la maji kwa mkono mwingine. Hapo umeme hauhitaji miguu yako hata kidogo, unapita mkono hadi mkono, na katikati ya mikono miwili kuna moyo. Na mtoto anayetambaa hana ndara magotini.

Ethi hukatikia wapi? Anzia kwenye plagi: waya umechomoka kwenye skrubu, au mtu alikata pini ya tatu ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Ukiondoa hapo, angalia soketi yenyewe, ambayo ina tundu la ethi lakini nyuma yake hakuna kilichofungwa. Hili ninakutana nalo sana kwenye nyumba zilizoongezewa vyumba baadaye. Ekstensheni za bei ya chini nazo, nyingine nimezifungua nikakuta nyaya mbili tu ndani ya ganda nene, tundu la tatu ni pambo. Na mahali pa mwisho, ambapo wengi hawapaangalii kabisa, ni nje ya nyumba, pale waya mkuu unapofungwa kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo kila kitu cha bati kilikuwa kinapiga: friji, mashine ya kufulia, hata bomba la bafuni. Walikuwa wameshabadilisha friji. Nilifungua soketi moja baada ya nyingine, nyaya zote safi, zimekazwa vizuri. Nikatoka nje, nikafuata waya wa ethi hadi kwenye bustani. Jembe lilikuwa limeukata wakati wa kupalilia maua, na ncha mbili zilikuwa zimelala kwenye majani, hazijaachana hata kwa upana wa kiganja. Hapo nikaelewa kilichokuwa kinatokea: nyaya zote za ethi za nyumba ile zilikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, hazifiki ardhini, kwa hiyo kifaa kimoja kilichovuja kilikuwa kinavipa umeme vingine vyote. Mama mwenye nyumba aliniambia kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akiwaogesha watoto huku amevaa viatu. Sijalisahau neno lile.

Kuna "dawa" moja nakusihi uikatae fundi akiipendekeza. Wengine, wakikosa ethi, huchukua kipande cha waya na kuunganisha tundu la ethi na nyutro, waya unaorudisha umeme, ndani ya soketi. Shoti inaisha papo hapo, mteja anafurahi, fundi analipwa. Siku nyutro itakapolegea au kukatika popote kabla ya soketi hiyo, umeme wa moto utapita ndani ya kifaa, utafika kwenye nyutro isiyo na pa kwenda, na kupitia kile kipande utamwagika kwenye bati. Volti zote 230, na kifaa kikiwa kizima kabisa. Kuunganisha nyutro na ethi kuna mahali pake kwenye mfumo, kwa utaratibu wa shirika linalosambaza umeme. Siyo nyuma ya friji.

Mumeo anaweza kuuliza: basi tukirekebisha ethi, si yatosha? Hapa naomba uvumilivu, maana hata mafundi wenzangu wengi hawapafikirii. Tuseme nyumba inategemea fimbo yake yenyewe ardhini, na ardhi ni kavu, ukinzani wake ni omu 100. Waya wa moto ukagusa bati la friji. Umeme utakaoshuka ardhini ni volti 230 kwa 100, yaani ampea 2.3. Breka ya ampea 20 haitashtuka kwa ampea 2.3 hata zikipita usiku kucha. Na kwa kuwa mabati yote ya nyumba yameshikana kupitia waya wa ethi, sasa yote yana umeme: friji, pasi, mashine. Kwa hiyo ethi iliyopo lakini dhaifu, pamoja na breka peke yake, inaweza kuisambaza hatari badala ya kuiondoa.

Ndipo kinapoingia kifaa nilichokutajia. Kwenye kisanduku cha breka tafuta kipana kuliko wenzake, chenye kitufe kidogo cha herufi T, na maandishi kama 30 mA au 0.03 A. Mafundi hukiita RCD. Chenyewe hakijali umeme ni mwingi au mdogo. Kinalinganisha tu umeme unaotoka kwenye waya wa moto na ule unaorudi kwenye nyutro. Vikiwa sawa, kimetulia. Tofauti ikifika miliampea 30, maana yake kuna umeme unaopotelea pengine, labda kwenye bati, labda kwenye mwili wa mtu, na kinakata. Kwa kuvuja kukubwa kinakata ndani ya sehemu 40 za elfu za sekunde. Mtu atashtuka, ataumia, lakini moyo unapata nafasi. Na hata kwenye ile ardhi ya omu 100, miliampea 30 mara 100 ni volti 3 tu, kwa hiyo kinakata kabla bati halijawa na umeme wa kutisha. Ethi inaufanya umeme ukatwe hata kabla mtu hajagusa, na RCD inakata ule ambao breka haiuoni. Vinahitajiana.

Kama nyumba yako haina RCD, hicho ndicho kitu cha kwanza ningekinunua, kabla ya vizibo vya soketi, kabla ya friji jipya. Kama ipo, bonyeza kile kitufe leo. Ikikata papo hapo, vizuri, irudishe, na uwe unafanya hivyo kila mwezi, kwa sababu vyuma vya ndani visipochezeshwa hukwama. Isipokata, ibadilishwe. Lakini usidanganyike na kitufe hicho: kinajaribu kifaa chenyewe tu, hakikuambii lolote kuhusu ethi ya nyumba. Kuna jambo lingine RCD haiwezi. Mtu akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, huku hakuna kinachovuja kwenda ardhini, RCD itaona umeme unatoka na kurudi sawasawa, kama vile ni birika. Kwa hiyo kufungua soketi huku umeme unawaka haiwi kazi salama kwa sababu tu RCD ipo.

Ikianza kukatakata, tafadhali msiiondoe wala kuipita pembeni kwa waya. Chomoeni vifaa vyote, iwasheni, kisha rudisheni kimoja kimoja. Kile kitakachoizima ndicho kinachovuja. Nina wasiwasi kwamba friji lenu ndilo litakaloizima.

Ekstensheni sasa. Hapa breka inahusika zaidi, ila bado inaweza kuchelewa. Birika ni ampea 9, pasi ya wati 2,000 nayo ni ampea 9, jumla 18. Ekstensheni nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa ampea 10 au 13. Breka ya 20 inaruhusu 18 bila neno, na waya mwembamba ndio unaoteseka. Joto la waya halipandi sambamba na mkondo: ukiongeza mkondo mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Na ikiwa imekunjwakunjwa nyuma ya kabati, joto halina pa kutokea.

Plagi kubadilika rangi ni dalili nyingine tena. Panapobadilika rangi ndipo panapogusana vibaya, chuma kimelegea au kimeota kutu, na kila kinapochemka kinalegea zaidi. Hapaponi penyewe. Itupe ekstensheni hiyo, na soketi iliyochomekewa ibadilishwe pia, maana vibano vyake vimeshapoteza nguvu na vitaiunguza plagi mpya. Ukinusa harufu ya plastiki inayoungua, au harufu kama ya samaki mahali ambapo hakuna samaki, zima umeme kwanza, chanzo utakitafuta baadaye. Birika na pasi kila kimoja kiwe na soketi yake ya ukutani. Ekstensheni ibaki kwa taa, redio, chaja.

Na kama siku moja breka ya jikoni itaanza kujizima, fundi akasema dawa ni kuweka kubwa zaidi, mwulize waya uliomo ukutani ni wa milimita za mraba ngapi. Soketi kwa kawaida huwa za 2.5, na breka ya 20 inaufaa. Taa huwa za 1.5. Ukiweka breka ya 32 juu ya waya mmoja mrefu wa 2.5 uliozungukwa na plasta, umeihamisha kazi ya kukata kutoka kwenye breka kwenda kwenye waya, na waya hukata kwa kuungua. Wale wanaofunga waya wa shaba mahali pa fyuzi wanafanya kosa hilo hilo.

Kuhusu mtoto wako mdogo anayetambaa, mikono yake ina mate muda wote na ngozi yake ni laini, kwa hiyo umeme unampita kwa urahisi kuliko mtu mzima. Baada ya RCD, vizibo au soketi zenye vifuniko vya ndani vinavyojifunga ni msaada wa kweli, alimradi hakuna mtu mzima anayeingiza kalamu kwenye tundu la juu ili kufungua matundu mengine. Watoto huiga haraka sana. Ninachokihofia zaidi kwa umri huo ni nyaya zinazoning'inia: waya wa birika ukivutwa, maji ya moto yanashuka naye, na waya uliochomekwa ukitafunwa unaunguza mdomo. Chaja za simu za ovyo ziondoe kabisa. Ncha ya simu inapaswa kuwa na volti 5, lakini chaja iliyotengenezwa vibaya inaweza kupitisha umeme wa ukutani moja kwa moja hadi kwenye ncha hiyo, na ndiyo anayoiweka mdomoni.

Mtu akishikwa na umeme, asiyeshikwa asimguse. Zima meni swichi. Isipofikika haraka, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa ubao mkavu au kiti cha plastiki. Hayo ni kwa umeme wa ndani ya nyumba tu. Waya wa nguzo ukianguka, kaa mbali, zuia watu, piga simu kwa shirika la umeme. Akiwa hapumui, mtu mmoja aite msaada na mwingine aanze kubonyeza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma. Na hata akiinuka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, kwa sababu umeme huunguza ndani na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika ingawa anatembea.

Kwa fundi atakayekuja, usimwambie "njoo uangalie friji." Mwambie unataka apime ethi ya nyumba. Bisibisi ya testa haitoshi, kwa sababu kutowaka kwake si uthibitisho kwamba umeme haupo, na haijui lolote kuhusu ubora wa ethi. Hata mita ya kawaida inaweza kukudanganya: itaonyesha volti 230 kati ya moto na ethi hata kama ethi ni uzi mmoja uliosalia, kwa kuwa mita yenyewe haivuti umeme wa maana. Anahitaji kipimo cha ukinzani wa ethi, na kipimo cha kuangalia RCD inakata kwa miliampea ngapi na kwa muda gani. Aanzie kwenye fimbo ya nje, kisha kisanduku, kisha soketi moja moja, na friji liwe la mwisho, lipimwe ganda la nyaya zake kabla halijachomekwa. Akimaliza, akusomee namba alizozipata, uziandike pamoja na tarehe, uzibandike ndani ya mlango wa kisanduku cha breka. Fundi wa mwaka kesho atalinganisha na zake, na ethi ikiwa imeanza kudhoofika ataiona kwenye karatasi hiyo kabla hamjaisikia vidoleni.